Kichupa cha Mjomba na Mashimo Tisa

Kichupa chenyewe kilikuwa cha dawa ya sindano, vile vya kioo vyenye kifuniko cha mpira. Mjomba alikitoa kwenye mfuko wa shati, akakifuta kwa kidole gumba, akakiweka mezani katikati ya sahani mbili za makande. Ilikuwa Jumapili ya Machi 2012, nyumbani kwangu Same mjini. Kilijaa maji mpaka shingoni, na chini yake palikuwa na vumbi la manjano ambalo lisingefunika ukucha wa mtoto. Akakigeuza juu chini. Vumbi lilishuka mara moja bila kuelea, likatulia juu ya mpira.

"Mjomba," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina hilo hilo, "mchanga haushuki hivyo."

Nilijua anasema kweli. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Mchanga wa kawaida haufiki hata mara tatu. Na ile ilikuwa imetoka kwenye kijito nilichokiogelea utotoni, kimoja cha vile vinavyoshuka kutoka safu ya Shengena kuelekea tambarare ya Makanya. Jina lake silitaji. Wa kukipekua wapo wa kutosha.

Kosa langu lilianzia pale pale mezani, kabla makande hayajapoa. Niliona dhahabu, nikadhani nimeona kiasi chake.

Inafaa nieleze hali ilivyokuwa, ili msomaji asidhani tulirukwa na akili. Septemba 2011 wakia moja ya dhahabu ilikuwa imekaribia dola 1,900 katika soko la dunia. Kila mwenye ndugu Geita au Chunya alikuwa na habari ya kusimulia. Na habari hiyo haikuwa ngeni milimani kwetu. Miaka ya 2000 wachimbaji walivamia misitu ya Tao la Mashariki, wakachimbua Usambara ya upande wa Amani, na huku kwetu wakaingia msitu wa Shengena hadi wakaondolewa. Tulibaki na mashimo, na tukabaki na mazungumzo.

Tena Wapare hatukuanza jana kuosha mchanga wa mtoni. Washana, ule ukoo wa wahunzi, walikuwa wakizoa mchanga mweusi wenye chuma kwenye vijito, hasa Ugweno, wakauosha na kuuyeyusha, na chuma chao kikauzwa hadi Uchagani ambako hakukuwa na cha kuchimba. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa milima hii, ameiandika historia ya Upare kwa kirefu. Mchanga mweusi wa Washana ndio unaobaki chini ya karai ukiosha dhahabu leo, kwa sababu nao ni mzito. Mjomba aliuondoa kwa sumaku aliyoibandua kwenye spika ya redio mbovu, akiwa ameivika kipande cha gazeti ili mchanga usiigande. Nilimtazama akifanya hivyo usiku, kwa taa ya simu, mkono wake ukienda taratibu kama wa fundi saa. Mpaka leo naamini alikuwa mtu mwaminifu kuliko wote waliohusika na jambo hili, nikiwemo mimi.

Nilikuwa mhasibu. Kazi ya kuandika andiko la mradi ikaniangukia.

Mpango ulikuwa kununua mashine ya kunyonya mchanga: pampu inayokaa juu ya maboya, mpira mnene unaofyonza mchanga na changarawe chini ya maji na kuvimwaga kwenye ubao mrefu uliotandikwa zulia. Mchanga unapita, dhahabu inakamatwa kwenye nyuzi. Nilipiga hesabu hivi. Mjomba aliosha karai 20 kupata kilichokuwa kichupani, na mizani ya sonara ilionyesha gramu 0.2. Karai moja ni kama lita 10. Kwa hiyo karai 100 ni mita moja ya ujazo, nayo itatoa gramu moja. Mashine ikifyonza mita 60 za ujazo kwa siku, tutapata gramu 60. Kwa bei ya 75,000 ambayo wanunuzi wa mitaani walikuwa wakitoa, hiyo ni shilingi milioni nne na nusu kila siku ya Mungu.

Niliogopa namba ile, nikaikata nusu. Nilifanya hivyo ili nionekane mwangalifu, na kweli kila niliyemsomea alinisifu kwa uangalifu. Nilikuwa nimekata nusu ya kitu ambacho hakijapimwa, basi nusu yake nayo haikuwa imepimwa. Nilipamba ukurasa wa pili kwa habari za Lupa kule Chunya, ambako dhahabu ya mchanga iligunduliwa mwaka 1922 na kuvuta maelfu ya watu miaka ya 1930. Yote yalikuwa kweli. Hayakuwa na uhusiano wowote na kijito chetu.

Tulihitaji milioni 60. Tukaanza na wetu. Mkutano tuliufanya Jumapili, kwa kuwa Jumamosi ni Sabato kwa wengi wa kwetu, chini ya mkuyu karibu na shule niliyosomea. Kichupa kilipita mkono kwa mkono. Niliona nyuso zikibadilika kila kilipofika, na ningependa kusema kwamba jambo hilo lilinitia hofu, lakini lilinipa raha. Mama mkubwa alikishika muda mrefu kuliko wote. Akauliza swali moja: "Hii siyo ile ya kupanda mbegu?" Watu wakacheka. Alikuwa anakumbuka DECI, ule mchezo wa kupanda na kuvuna ambao Serikali iliusimamisha mwaka 2009 wakati wengi walikwisha panda na hawajavuna. Nilimjibu kwa ukali kidogo kwamba ile ilikuwa upatu na hii ni kampuni, ina cheti cha BRELA. Wiki iliyofuata aliuza mtamba wake, akaniletea shilingi laki nne zikiwa zimefungwa kwenye kona ya khanga.

Jibu nililompa linaniuma kuliko fedha. Alichouliza kilikuwa sahihi kabisa. Alitaka kujua faida itatoka wapi, nami nikamwonyesha cheti.

Watu 31 walitoa milioni 23. Baadaye nilikuja kujifunza kwamba hata namna tulivyokusanya ilikuwa na walakini: kampuni binafsi haina ruhusa ya kualika umma kununua hisa zake, na anayetaka kufanya hivyo sharti apite kwanza kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Sheria yake ipo tangu 1994. Mimi mhasibu sikuifungua.

Milioni 37 zilizobaki tukazitafuta Arusha. Tulimpata mtu aliyesema anawajua wawekezaji, akachukua milioni moja na nusu ya "kufungulia njia". Njia haikufunguka, na simu yake baada ya mwezi haikupatikana. Sina zaidi la kusema juu yake. Aliyetusaidia tulimpata kwa bahati, mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya dhahabu Chunya kwa miaka mingi na sasa ana biashara ya vipuri. Alitukaribisha dukani kwake, akaagiza chai. Mjomba akatoa kichupa. Mzee hakukipokea.

"Rudisheni mfukoni," alisema kwa upole. "Mashimo mangapi?"

Sikuelewa. Akaeleza.

"Mashimo ya kupima. Mmechimba mangapi, umbali gani toka moja hadi jingine, na yapi yamefika mwambani?"

Hatukuwa na hata moja. Mjomba alikuwa ameokota mchanga wake kwenye nyufa za mwamba, chini ya poromoko, mahali ambapo kila mwosha mchanga duniani huenda kwanza kwa sababu maji hupumzika pale na vitu vizito hutua. Karai zake 20 zilikuwa karai bora za kijito kizima. Nami nilizichukua kama kipimo cha kijito kizima.

Mzee aliendelea kuuliza, na kila swali lilitua mahali pasipo na kitu. Leseni ndogo mnayo? Tumeomba. Kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji Bonde la Pangani? Hapana. Mnajua kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli kama hizi ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji? Mashine yetu ilikusudiwa kukaa ndani ya maji yenyewe. Mwisho akasema jambo ambalo nimelirudia kwa watu wengi tangu siku ile: "Fedha ya kwanza mnayoomba iwe ndogo, iwe ya kupima tu, na anayeitoa aambiwe kwamba huenda isirudi. Akikubali hivyo, mchukulieni. Fedha ya mashine inasubiri mashimo."

Tulirudi Same kwa basi bila kuongea. Siku ile barabara ilikuwa ndefu.

Tulimtafuta kijana mmoja mwanajiolojia, tukazungumza na serikali ya kijiji, tukachimba mashimo tisa, moja kila baada ya mita 50, kufuata mkondo. Kila shimo lilikuwa mita moja kwa nusu mita, na kina chake kilikuwa mpaka mwamba, wastani wa mita moja. Kazi ilichukua siku sita. Maji yalijaa kila tulipochimba. Tulichota kwa ndoo mpaka mabega yakafa ganzi. Kijana yule alikataa tuchague mchanga. Kila kilichotoka shimoni kiliingia kwenye karai, kizuri na kibaya, kikahesabiwa, kikaoshwa. Karai 450. Alikuwa na daftari la mistari lililolowa kingo, akaandika namba ya shimo, kina, rangi ya udongo, na idadi ya chembe zinazoonekana. Shimo la kwanza lilikuwa na chembe tano, Mjomba akaimba. La pili moja. La tano hakukuwa na chembe hata moja. Hapo Mjomba alikaa kwenye jiwe, akavua viatu, akatazama maji.

Kijana aliweka kila sampuli kwenye mfuko wake, akaufunga na kutia sahihi yake juu ya fundo, na usiku alilala nayo. Nilidhani anatudharau. Akanieleza habari ya Bre-X, kampuni ya Kanada iliyodai kupata dhahabu nyingi mno Busang, Indonesia. Thamani ya hisa zake ilipanda hadi karibu dola za Kanada bilioni 6. Mwaka 1997 ikabainika kwamba sampuli zake zilitiwa chembe za dhahabu ya mtoni, chembe za mviringo zilizolainishwa na maji, ambazo haziwezi kutoka ndani ya mwamba mgumu. "Fundo hili linakulinda wewe pia," akaniambia. "Siku ukiulizwa, utakuwa na la kujibu."

Mashimo tisa, mita nne na nusu za ujazo, yalitoa gramu 0.14 kwa jumla. Yaani gramu 0.03 kwa kila mita ya ujazo. Andiko langu la "mwangalifu" lilisema nusu gramu.

Usiku ule nilipiga hesabu upya kwenye meza ile ile. Mita 60 kwa siku zingekuwa na gramu 1.8. Ubao wa zulia haukamati zote. Tukikamata theluthi mbili tunabaki na gramu 1.2, shilingi 90,000. Mafuta ya pampu lita 20, yapata 43,000. Vibarua sita kwa 8,000, ni 48,000. Jumla 91,000, na hapo sijahesabu chakula, mipira inayopasuka, wala mrabaha wa asilimia 4 wa wakati ule. Kisha nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya siku ya kwanza kabisa. Mita 400 za kijito, upana mita tatu, kina mita moja: mita za ujazo 1,200. Kwa mashine ile tungekimaliza kijito kizima kwa siku 20. Nilikuwa nimewaahidi watu gawio la miaka mitano.

Lakini lipo jambo lililotokea siku ya tatu ya uchimbaji, nalo kwangu ni zito kuliko gramu. Alikuja mzee anayesimamia zamu za ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la Wapare: linazuia maji ya kijito usiku, na asubuhi hufunguliwa kwenda mashambani kwa mfereji, kila kaya kwa zamu yake. Upare ya chini ni kavu. Bila ndiva mahindi na maharage ya bondeni hayafiki. Yetu iko chini kidogo ya pale tulipochimba. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia, akasimama ukingoni akitazama maji yaliyogeuka rangi ya chai ya maziwa.

"Mwanangu, tope hili mtalipeleka wapi?"

Nikamwambia ni la siku chache, maji yatalichukua.

"Yatalichukua yalipeleke wapi?"

Alinishika mkono, tukashuka pamoja hadi ndivani. Alinionyesha alama kwenye ukuta, palipofika tope kabla ya msaragambo wa mwisho. Watu wa bondeni walilitoa kwa majembe na makarai kwa siku tatu, wanaume kwa wanawake. Nilipima ndiva kwa hatua zangu: haikufika mita za ujazo 300. Iwapo sehemu moja tu ya kumi ya kile ambacho mashine ingefyonza ingekuwa tope laini, siku 20 zingeshusha mita 120. Ndiva ingezibwa karibu nusu, wakati wa maharage. Katika watu 31 waliotoa fedha hapakuwa na hata mmoja wa bondeni. Wao hawakuulizwa, na hasara yao haikuwa na mstari kwenye andiko langu, ingawa ndiyo pekee ningeweza kuipima kwa miguu, bila mwanajiolojia, tangu Machi.

Mashimo yote tisa tuliyafukia. Mzee wa ndiva alisimama mpaka la mwisho.

Kuwaambia watu kulikuwa kugumu. Mjomba alitaka tujaribu kijito kingine kwanza, ndipo tuseme. Nilikataa, tukagombana, na kwa miezi miwili hakukanyaga kwangu. Niliitisha mkutano chini ya mkuyu ule ule, nikasoma namba za kila shimo. Zilikuwa zimebaki milioni 14 na laki sita. Tukazigawa siku hiyo hiyo kwa uwiano. Pampu tuliyokuwa tumekimbilia kuinunua milioni sita na laki mbili, mkulima wa vitunguu aliichukua kwa tatu na laki nane. Iliyobaki, milioni nne na laki sita, niliandika kuwa deni langu. Niliimaliza mwaka 2016. Wapo walionicheka kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mkurugenzi kulipa hasara ya kampuni. Kwa kawaida ni kweli. Lakini watu wale hawakuiamini kampuni. Waliniamini mimi, mtoto wao aliyesoma hesabu.

Aprili 2013 bei ya dhahabu iliporomoka kwa zaidi ya dola 200 kwa wakia ndani ya siku mbili za soko. Mama mkubwa alisikia redioni, akanipigia kunipa pole kana kwamba nimeponea ajali. Sikumwambia kwamba hata kwa bei ya juu tusingepona.

Tangu hapo nimesoma kila nilichopata juu ya dhahabu ya mitoni. Kilichonigusa zaidi ni habari ya Otago, New Zealand. Mwaka 1899 na 1900 mashine chache za kuchimba mto Clutha zilipata dhahabu nyingi, na mji wa Dunedin ukawaka: kampuni mpya juu ya kampuni, hisa zikigombewa, nyingi zikiuzwa kwa sifa za jirani kabla mto wake haujapimwa. Muda si mrefu hisa zikaanguka, nyingine zikiwa za kampuni ambazo mashine zake hazijagusa maji. Nilipolisoma hilo niliuona ukurasa wangu wa pili, ule wa Lupa. Aliyepata ni jirani, na sisi tulikuwa tukikusanya fedha kwa jina lake.

Sisemi watu wasiwekeze kwenye dhahabu. Wachimbaji wadogo wa nchi hii wamejenga nyumba na kusomesha watoto kwayo, na masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019 yamewapunguzia kunyonywa na wanunuzi wa vichochoroni. Ninachosema ni kwamba mtu anayekuletea kichupa hajakuletea habari bado. Pengine haongopi, Mjomba hakuongopa. Muulize idadi ya mashimo, muulize yamefika wapi, kisha shuka bondeni kwa miguu yako uone nani anakunywa maji yale.

Mjomba alifariki 2019. Tulikwisha patana zamani. Kichupa aliniachia mimi, kiko kwenye kabati la vitabu, maji yamepungua hadi nusu.

Oktoba 2025 bei ilipovuka dola 4,000 kwa wakia, mwanawe alinipigia. Ameona chembe kwenye korongo kavu upande wa pili wa mlima, na marafiki zake wa Dar es Salaam wako tayari kuchangia mashine. Nilimtumia karai la baba yake na daftari lile lililolowa kingo, nikamwomba apite ofisi ya madini kwanza, kisha achimbe mashimo tisa kwa fedha yake. Ninapoandika haya amemaliza manne. Hajapokea shilingi ya mtu.